Kutoka Kizuka hadi Kagunga kwa Miguu



Wanafunzi wengi waliozaliwa hapa kambini wanalijua jina la Kizuka tu, mahali hawapajui. Kizuka ni kule Rumonge, kusini mwa Bujumbura, kwenye michikichi na mawese. Jua likiwa safi, ukisimama ufukweni Rumonge unaiona milima ya Congo ng'ambo ya ziwa.

Mwezi wa tano 2015 siye tulitoka huko kwa miguu, siku tatu. Wazee wa 1972 nao walishika njia za huko huko kusini, na wengi wao walifika Tanzania.

Safari ya miguu ina ratiba yake. Tuliamka kabla ya alfajiri, tukatembea mpaka saa nne. Jua likipanda tulijificha chini ya michikichi, watoto wakalala. Saa kumi tukaondoka tena mpaka giza. Barabara kuu tuliikwepa, lakini ziwa hatukuliacha mbali: muda wote lilikuwa mkono wa kulia. Ndiyo ilikuwa ramani yetu.

Bibi tulimweka mbele. Mwenye nguvu akiwa mbele, wadogo na wazee wanaachwa, lakini bibi akiwa mbele hapotei mtu. Mama alibeba sufuria na unga wa muhogo kichwani juu ya ngata, mtoto mgongoni. Mimi nilibeba kidumu cha maji na madaftari. Siku ya kwanza kila mtu ana mzigo mkubwa. Baada ya msitu wa Kigwena watu wakaanza kupunguza: kwanza viti, halafu nguo, mwisho hata masufuria. Maji hakuna aliyeyatupa. Chakula kilikuwa ugali wa jana na dagaa, maana moshi unaonekana mbali. Kandambili ikikatika, unaifunga kwa kamba ya mgomba na kuendelea.

Tulipofika Kagunga, upande wa Tanzania, tulidhani tumepumzika. Kumbe watu walikuwa maelfu kwa maelfu, vyoo hakuna, na maji ni ya ziwa. Yanaonekana safi kama kioo, lakini kipindupindu kikaingia, na watu wakafa. Basi mzazi, hata leo chemsha maji. Meli ya Liemba, iliyotengenezwa Ujerumani 1913, ilikuwa inabeba watu kama 600 kwa safari mpaka Kigoma. Kufika melini ilibidi kupanda mitumbwi kwanza, kwani wakati huo Kagunga haikuwa na gati.

Wazazi, jioni hii waambieni watoto mlipita wapi, nani alibeba nini, na nani hakufika. Darasani tutachora njia hiyo. Wale wa Nyanza-Lac, Makamba na Bururi, nanyi tuleteeni zenu. Mtoto ajue kwamba akirudi siku moja kwa njia ile, ziwa litakuwa mkono wake wa kushoto.

Mwalimu wenu wa kujitolea