Kiwanja Chetu na Maji ya Kijiji cha Chini



Katika mkutano wa wazazi wa mwezi uliopita mama mmoja wa kijiji cha chini alisimama, akawaangalia vijana wa timu, akasema: "Wanangu, nyinyi mnalia kiwanja. Mimi godoro langu limelowa siku tatu. Huo udongo mnaotaka kujaza pale, maji yatakwenda wapi?" Wengine walicheka. Halafu mkutano ukaingia habari ya sabuni, na yule mama akakaa bila jibu. Leo nataka kumjibu katika jarida letu, kwa sababu swali lake ndilo lilikuwa swali lenyewe.

Kwa wale ambao hawakuwepo, jambo liko hivi. Tangu masika yaanze, kiwanja chetu kimekuwa bwawa. Goli la upande wa mashariki miguu yake imezama. Watoto sasa wanachezea pale kwenye foleni ya maji, mpira unagonga madumu ya watu, na ugomvi hauishi. Basi vijana wakakubaliana kubeba udongo kutoka kilimani na kuinua kiwanja kizima, ili mashindano ya watoto yafanyike kabla ya likizo. Toroli mbili zimeshaahidiwa. Moyo wa kazi wanao, na mimi nawapongeza kwa hilo, maana si kila mahali kijana wa miaka 17 anaamka mwenyewe kubeba udongo bila kuitwa.

Swali la yule mama nilikwenda nalo mpaka Kigali, nilipopata ruhusa ya kumsalimia mama mdogo anayekaa Kimisagara. Wanaopajua wanajua kwamba Kimisagara ni mteremko mtupu. Nyumba zimepanda kwenye ubavu wa Mlima Kigali, moja juu ya bati la nyingine, na chini kabisa ni Nyabugogo, ile stesheni ya mabasi ambayo karibu sote tumepita na mizigo yetu. Hapo unateremka Mpazi. Wenyeji wanaita ruhurura, yaani korongo la kupitisha maji ya mvua. Siku ya jua unaona maji kidogo tu na machupa ya plastiki, unaweza kusema mtoto ataruka. Ikinyesha huko juu, maji ya mitaa yote yanakusanyika humo na kushuka kwa nguvu ya ajabu. Kwa miaka mingi waliokuwa wanaumia ni watu wa Nyabugogo: maduka yanaingia maji, bidhaa zinaharibika, barabara inafungwa. Jiji la Kigali limefanya kazi kubwa kwenye mfereji huo, na upande wa Gitega familia zilizokuwa kwenye nyumba mbovu karibu na Mpazi zimejengewa nyumba za ghorofa.

Na mpira Kimisagara si mgeni. Shirika la vijana la Esperance lina kituo pale, kimoja kati ya vile 20 ambavyo FIFA iliahidi kuijengea Afrika kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2010. Mama mdogo anasema jioni kelele za watoto ndizo saa yake.

Lakini mafunzo yangu sikuyapata kituoni. Niliyapata kwa kinyozi. Kinyozi wa jirani ni Mnyarwanda lakini ni shabiki wa Simba ya Dar es Salaam, na Kiswahili chake ni cha Biryogo, kinateleza. Msishangae Mnyarwanda kugombania Simba na Yanga. Haruna Niyonzima, mtoto wa Gisenyi, alikwenda Yanga mwaka 2011, akahamia Simba 2017, akarudi tena Yanga 2020. Na mwaka 2018 Rayon Sports na Yanga zilipangwa kundi moja katika Kombe la Shirikisho, Rayon ikapita mpaka robo fainali. Habari hizo Kigali hazijasahaulika. Siku ile kwenye kiti alikuwa amekaa dereva wa lori kutoka Dar, Yanga wa kufa. Mvua ikaanza kupiga bati. Kinyozi akasema, "Haya, vyura wenu leo wana sherehe." Dereva akataka kugeuka amjibu, kidogo sikio likatwe.

Wanafunzi wangu, niwaeleze hii ya vyura. Yanga makao yake yako Jangwani, na hapo hapo wana uwanja wao, Uwanja wa Kaunda, uliopewa jina la yule Rais wa Zambia. Ulikuwa uwanja wa mazoezi, si wa mechi kubwa. Ajabu ya kwanza ni jina: Jangwani maana yake penye jangwa, lakini ni bondeni na maji yanajaa. Ajabu ya pili, mto unaopita bonde hilo unaitwa Msimbazi, na Simba wenyewe wanajiita Wekundu wa Msimbazi! Kwa hiyo kila masika Msimbazi unaingia kwa Yanga, uwanja unakuwa ziwa, vyura wanaimba, na watani wanapata la kusema mwaka mzima.

Utani ni mtamu, lakini maji yale si utani. Tarehe 20 Desemba 2011 Dar es Salaam ilinyeshewa mvua ambayo haikuonekana tangu 1954. Watu wapatao 40 walikufa, na familia nyingi za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande. Dereva wakati huo alikuwa kijana wa Magomeni, ng'ambo ya bonde. Alisimulia kwamba asubuhi ile yeye na wenzake, Simba na Yanga pamoja, walikuwa wanabeba magodoro na wazee mgongoni. "Uwanja tuliuona kwa mbali," akasema. "Nani angeuliza habari ya nyasi?"

Baadaye waliuliza, ndiyo. Yusuf Manji aliposhika uenyekiti wa Yanga mwaka 2012, uongozi wake ulikuwa na mpango wa kujenga uwanja mkubwa hapo hapo Jangwani, na kampuni ya Kichina ile ile iliyojenga uwanja wa taifa. Wakaomba ardhi ya ziada. Hawakukubaliwa, na sababu iliyotajwa ni kwamba pale ni bonde la maji. Dereva anasema alikasirika sana, aliona klabu yake inaonewa. Nikamuuliza, na sasa? Akafikiri kidogo. Akasema baada ya hapo karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa Jangwani, na yenyewe ikaanza kuingiliwa na maji, mabasi mapya kabisa yamesimama kwenye tope. Na kule Kaunda kifusi kimewahi kumwagwa ili kuinua uwanja, lakini maji hayajasahau njia.

Halafu akasema neno ambalo nililiandika pale pale nyuma ya tiketi ya basi: "Mwalimu, ukiinua uwanja, maji hayafi. Yanatafuta mlango mwingine."

Nilipomsikia nikamkumbuka yule mama na godoro lake.

Siku hizi Yanga mazoezi wanafanyia Kigamboni, mbali na bonde. Na kwa bonde lenyewe la Msimbazi, mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200. Mpango ni kuwalipa watu wa sehemu za hatari ili wahame, kujenga daraja la juu zaidi pale Jangwani, na kuacha bonde liwe la maji na bustani. Dola milioni 200 ili maji yapate nafasi yake! Sisi hatuna hata mia mbili, lakini nafasi tunayo: ni kiwanja.

Hebu fikirini kwa nini viwanja vya mpira viko vilipo. Kigali ni vilima, pa tambarare ni bondeni. Jangwani hivyo hivyo. Na hapa kambini, walipogawa sehemu za nyumba, pale kwenye beseni palibaki kwa sababu hapakufaa kwa nyumba, ndipo watoto wakapewa. Watu wa mpira kila mahali wanapewa ardhi ambayo maji yameshaichukua. Naona si haki, lakini ndivyo ilivyo, na kuna faida ndani yake ambayo hatukuihesabu.

Nilihesabu na darasa. Tulipima kiwanja kwa kamba: mita 90 kwa 50. Maji yakisimama sentimita 10 tu, hayo ni mita za ujazo 450, yaani lita 450,000. Tukagawa kwa dumu la lita 20. Jibu ni madumu 22,500. Watoto walinyamaza, kwa sababu wao ndio wanaobeba dumu, wanajua moja tu linavyouma shingo. Kila mvua kubwa, kiwanja chetu kinawabebea watu wa kijiji cha chini madumu 22,500. Tukijaza udongo, madumu hayo yatamwagika mlangoni kwa yule mama. Siyo godoro tena, itakuwa nyumba, maana kuta zetu ni za udongo. Usiku wa kuamkia 3 Mei 2023 hapa Rwanda, upande wa Magharibi na Kaskazini, mafuriko na maporomoko yaliua watu zaidi ya 130, na mto Sebeya ukaingia majumbani kule Rubavu. Nyumba za udongo ndizo zilizokuwa za kwanza kwenda.

Kwa hiyo maoni yangu, na nimeshamwambia kapteni wa timu: udongo tusijaze. Kiwanja kibaki chini. Tuchimbe mfereji upande wa juu, ili maji ya kijiji cha juu yapelekwe korongoni kabla hayajafika kiwanjani, na mwingine mdogo kwenye kona ya mashariki utakaoyatoa polepole yakishasimama. Kingo zipandwe nyasi, zisiporomoke. Mvua kubwa ikinyesha, kiwanja kifungwe siku mbili, hata kama timu imeshavaa jezi. Na mashindano ya watoto yasogezwe mpaka Juni, mvua zikikatika.

Kapteni alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mwalimu, Juni wengine hawatakuwepo." Hapo nikakosa la kusema. Ni kweli. Katika darasa langu peke yake watoto watatu familia zao zinasubiri safari, na safari haitoi taarifa. Unamfundisha mtoto leo kugawa kwa tarakimu mbili, kesho dawati lake lina mtu mwingine. Mmoja wao ndiye golikipa wetu bora, na mashindano haya ameyasubiri tangu mwaka jana. Ukimwambia Juni ni sawa na kumwambia hapana.

Tulikubaliana hivi: kila Jumatano, mvua ikiruhusu, watoto wacheze watano kwa watano kwenye uwanja wa shule, ambao ni mdogo lakini ni mkavu, na wale wanaosubiri safari waanze kucheza wao. Hayo siyo mashindano, najua. Kombe hakuna. Lakini atadaka.

Kuna mzazi atasema: sawa, lakini hao vijana watachimba kweli? Mpira ni kelele tu. Mimi sikubali. Msimu wa 2018/19 Yanga ilikuwa haina fedha, mishahara shida, na aliyesimama mbele kuomba michango kwa mashabiki alikuwa kocha mwenyewe, Mwinyi Zahera. Wakongomani wenzangu mkae vizuri, huyo ni wetu. Mashabiki wakachanga kwa simu, kidogo kidogo, na timu ile iliyokuwa inadharauliwa ikamaliza ligi nafasi ya pili nyuma ya Simba. Mtu wa mpira ukimwambia fedha inakwenda wapi, anatoa. Ukimwambia mfereji unapita wapi, atachimba. Akikaa tu bila kuambiwa ndipo anabaki na kelele.

Nilimpelekea yule mama jibu hili nyumbani kwake kabla ya kuliandika hapa. Godoro lilikuwa nje kwenye kamba. Alisikiliza hesabu ya madumu, akasema afadhali mmeona. Lakini akauliza mfereji wa kona ya mashariki utapita wapi, kwa sababu ana mistari minne ya maharage pale. Tulikwenda kuangalia pamoja. Mfereji ukipita kushoto kwa maharage itabidi kuzunguka mwamba, na kazi itaongezeka siku nzima. Vijana wamekubali kuzunguka. Mmoja alinuna kidogo, atapona.

Kazi ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, kuanzia saa moja asubuhi. Timu ya wasichana watachimba upande wa juu, wavulana kona ya mashariki. Majembe tunayo sita na beleshi mbili. Mwenye sururu tafadhali aazime, itarudi imeoshwa. Watoto wa chini ya miaka kumi watabeba nyasi tu, wasishike majembe. Yule mama ameahidi kuwaonyesha vijana mahali maji yanapoingilia kwake, na amesema wasije na viatu vizuri.