Mkanda Uliolia Kutoka Kimara

Mara ya kwanza kulitoa gari langu nje ya Dar es Salaam nilikuwa na abiria mmoja tu: bibi mzaa mama, aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho la kushoto bado limefunikwa. Alitaka kurudi kwake Iringa na basi hakulitaka. Hana mjukuu mwenye gari?

Gari lenyewe ni Corolla DX, injini ya 4K, cc 1,290, nililoachiwa na mjomba pamoja na kelele zake zote. Niliyoizoea zaidi ni ile ya asubuhi. Ukiliwasha linapiga yowe kama panya aliyebanwa mlangoni, majirani wanaamka, kisha baada ya dakika mbili tatu linatulia. Fundi wa mtaani alikipitisha kipande cha sabuni ya mche ubavuni mwa mkanda huku injini ikinguruma, yowe likakatika palepale. Nikamlipa elfu mbili na shukrani juu. Siku ya tatu kelele zilirudi. Siku ya nne ndiyo tukasafiri.

Tuliondoka Kimara saa kumi na moja alfajiri, manyunyu yakidondoka. Taa nimewasha, waipa zinafuta, feni ya ndani inafukuza ukungu kiooni, na mkanda unalia bila kupumzika. Nikafungua redio kwa sauti ili bibi asianze kuogopa.

"Zima hiyo, baba. Nasikiliza."

Kulikucha tukiwa tunaikaribia Mlandizi. Manyunyu yalikuwa yamekatika, nikazima waipa, feni na taa. Yowe likafa. Bibi akageuza shingo. "Umefanya nini?" Nimezima taa, bibi. "Washa tena." Nikawasha kila kitu, mkanda ukalia. "Zima." Kimya. Tulifanya hivyo mara tatu, mwenye gari la nyuma sijui alituonaje.

"Umelemewa," akasema. "Unateleza."

Nilikuwa nimesahau kwamba babu aliwahi kuwa na mashine ya kusaga, injini ya Lister iliyosikika hadi kijiji cha pili, na aliyekuwa akimimina mahindi ni bibi. Ukimimina kidogokidogo, mkanda unazunguka kimya. Ukimwaga debe zima kwa mpigo, unalia hivihivi. Mimi siku zote niliona taa ni mambo ya umeme na mkanda ni mambo ya mpira, havijuani. Kumbe alteneta ndiyo jiwe la kusagia: umeme ukihitajika zaidi, nayo inakuwa nzito kuzungushwa. Na alfajiri betri imetoka kuwasha injini, inadai chake, ndiyo maana yowe ni la asubuhi.

Chalinze nikasimama kwa kijana mwenye gereji chini ya mti. Hakuuliza lolote. Alilegeza bolti, akachomeka mtaimbo nyuma ya alteneta, akaning'inia kwa uzito wake wote, akakaza. Mkanda ukawa kama waya wa gitaa. "Hautalia tena, bosi." Na kweli haukulia. Nikaendesha kwa raha hadi Morogoro, Uluguru imevaa mawingu. Tukala wali maharage pale Msamvu, tukaondoka.

Ndani ya hifadhi ya Mikumi unakwenda polepole utake usitake, kuna matuta, na vile vibao vya faini za kugonga wanyama vinatosha kukutuliza mguu. Twiga walikuwa kando kabisa ya lami. Bibi hakuwatazama. "Sasa haulii," akasema, "ila kuna kinachosaga." Nikashusha kioo. Chini ya ngurumo ya injini mlikuwa na mkwaruzo mzito, kama mtu anayekokota kiti sakafuni chumba cha pili.

Mikumi mjini tulielekezwa kwa fundi mmoja wa makamo karibu na njia panda ya kwenda Ifakara. Bibi akamtupia "Kamwene," salamu ya kwao, kwa kubahatisha, naye akaitikia "Kamwene" huku akifuta mikono. Kuanzia hapo mimi nikawa dereva tu. Aliacha injini ipoe, kisha akafanya jambo ambalo wale wawili hawakulifanya: aliuvua mkanda wote. Akaizungusha puli ya pampu ya maji kwa vidole, ikaenda kimya. Akaizungusha ya alteneta. "Shika mwenyewe."

Niliposhika nilihisi punjepunje, kama unga uliosagwa na mchanga. Beringi ya mbele ilikuwa imekauka grisi. Alteneta ilikuwa inagoma kuzunguka, mkanda unateleza juu yake. Sabuni ikauongezea utelezi, na mtaimbo wa Chalinze ukaikandamiza beringi iliyokwisha kuumwa. Akaukunja mkanda mbele ya macho yangu. Mkanda wa V hushika kwa mbavu zake, na mbavu za huu ziling'aa kama kiatu cha bwana harusi.

Kijana wake alitumwa dukani na beringi kuukuu mkononi na mkanda begani, ili asidanganywe. Kazi yote ilichukua saa mbili na nusu, nyingi zikiwa za kumsubiri huyo kijana. Mwishowe fundi akategesha mpini wa nyundo pale mtaimbo ulipokaa asubuhi, akavuta taratibu, akakaza bolti, na kuubonyeza mkanda kwa dole gumba katikati ya puli mbili. Ukashuka kama sentimita moja. Akaacha injini izunguke dakika kumi, akazima, akaukaza tena kidogo, maana mkanda mpya hunyooka.

Nikamuuliza kama nisingefika Iringa vilevile. Akanionyesha feni na pampu ya maji. "Huohuo mmoja ndiyo unazungusha na hivi. Ukukatikie mlimani Kitonga?"

Kitonga tuliifikia giza likiingia. Malori yalikuwa yanapanda kwa gia namba moja, moshi unaturudia usoni, na mimi jicho moja barabarani na jingine kwenye mshale wa joto. Ulivuka nusu kidogo ukabaki hapo. Nikawasha taa. Bibi akainamisha kichwa. Nikaongeza feni ya ndani, nikaongeza na waipa, ingawa hapakuwa na tone la mvua. Zikakwaruza kioo kikavu. Mkanda kimya.

"Haya, fungua redio yako."

Katika zile kona redio haikushika stesheni yoyote, ilitoa mikwaruzo mitupu. Nikanyoosha mkono kuizima, bibi akanizuia.

"Iache."

Tulipofika Ilula alikuwa amelala.