Mwongoza watalii bora yuko barazani: Jumamosi moja kati ya Temeke na Kinondoni

Wageni wanaotembezwa kwa makundi nchini Uswisi mara nyingi hupitishwa njia zinazofanana. Asubuhi hupandishwa treni ya milimani hadi Jungfraujoch, stesheni iliyo mita 3,454 juu ya usawa wa bahari, iliyofunguliwa mwaka 1912. Mchana husimama katika mji mdogo kama Gruyères, wakaona jibini linavyotengenezwa na kuonjeshwa kipande. Jioni wananunua chokoleti za kupeleka nyumbani. Muda wote huo mbele yao yuko mtu mmoja anayeeleza: reli ilipenyezwaje ndani ya mwamba, kwa nini ng'ombe hupandishwa mlimani wakati wa joto, jibini hili linatofautianaje na lile la bonde la pili.

Mwondoe mtu huyo, safari inabaki barafu, ng'ombe na duka. Kinacholipiwa hasa ni maelezo.

Watoto wa Mbagala, Tandika, Sinza na Tandale huiona milima hiyo kwenye simu za wazazi wao, na wengine huuliza lini watapelekwa. Mzazi hucheka tu, maana nauli anaijua. Lakini zipo habari mbili anazoweza kuwapa bila nauli yoyote. Kwanza, Kilimanjaro yenye mita 5,895 inaizidi milima yote ya Alps. Pili, Uswisi hailimi kakao. Chokoleti yake hutokana na mazao ya nchi za joto, na hapa Tanzania kakao nyingi hutoka Kyela, mkoani Mbeya. Habari ya tatu inahitaji Jumamosi moja, viatu vya kutembelea na daladala: Temeke na Kinondoni zina vya kuonesha na vya kuonja, na mwongoza watalii wake huenda amekaa barazani muda huu akisubiri chai.

Asubuhi: supu, bendera na reli

Safari ianzie kwenye chakula, kwani mtoto mwenye njaa hasikilizi historia. Temeke na Tandika asubuhi hazikosi supu, chapati, vitumbua, maharage ya nazi na uji. Kabla ya kula, mweleze mtoto kwamba meza ile ni ramani. Chapati imekuja Pwani na watu wa Bara Hindi. Kitumbua ni cha Pwani yenyewe, mchele na nazi. Maharage asili yake ni Amerika, yakavuka bahari kwa merikebu. Mtoto atakayeyasikia hayo huku akitafuna, hayasahau upesi.

Kutoka hapo nendeni kwenye viwanja viwili vilivyo jirani. Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye uwezo wa kuchukua watu wapatao 60,000, watoto wanaujua tayari kwa sababu ya Simba na Yanga. Ulianza kutumika mwaka 2007. Wachache wanaujua vizuri ule mdogo wa pembeni yake, Uwanja wa Uhuru. Hapo ndipo usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Uingereza iliposhushwa na ya Tanganyika ikapandishwa. Usiku huohuo Luteni Alexander Nyirenda alikuwa kwenye kilele cha Kilimanjaro akisimika bendera na Mwenge wa Uhuru. Mwaka 1959 Mwalimu Nyerere alikuwa amesema wangependa kuwasha mwenge juu ya mlima ule ili umulike hata nje ya mipaka yetu. Kumbe mlima mrefu kuliko Alps na kiwanja cha Temeke vina siku moja ya kuzaliwa.

Kituo kinachofuata ni TAZARA, kwenye makutano ya Barabara ya Nyerere na Barabara ya Mandela. Watoto wataanza na Daraja la Mfugale, lile la juu lililofunguliwa mwaka 2018. Waache waangalie magari, halafu wageuze macho kwenye jengo la stesheni. Reli inayoanzia pale ina urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, baada ya nchi za Magharibi kukataa kugharimia. Sababu yake mtoto wa darasa la tano anaielewa: Zambia ilikuwa na shaba lakini haina bahari, na njia yake ya kusini ilipita Rhodesia, ambako mwaka 1965 walowezi walijitangazia uhuru ili waendelee kutawala. Jirani akaamua kumpa jirani njia ya kupitia kwake.

Maelfu ya vijana wa Kitanzania na Kizambia walifanya kazi kwenye reli ile pamoja na Wachina, na baadhi ya Wachina waliofariki wamezikwa Gongo la Mboto. Kijana aliyekuwa na miaka 20 reli ilipoanza kujengwa leo ameshavuka miaka 70. Wapo mitaa ya Temeke, Yombo na Buguruni wanaopita mbele ya stesheni ile kila wiki bila mtu kuwauliza lolote.

Mchana: Magomeni na Kijiji cha Makumbusho

Kuvuka kwenda Kinondoni, daladala ni sehemu ya utalii. Jina lake lenyewe lina kisa: zamani sarafu ya shilingi tano iliitwa dala, na makondakta wakawa wanaita abiria kwa nauli hiyo, "Dala! Dala!" Mtoto anayepanda daladala kila siku ana haki ya kujua hilo.

Magomeni, Mtaa wa Ifunda, iko nyumba aliyowahi kuishi Mwalimu Nyerere na familia yake, ambayo sasa ni makumbusho. Mwaka 1955 aliacha kazi ya kufundisha Pugu ili aongoze TANU, akaacha na mshahara wake. Wazazi wengi wanalijua hilo kwa juu juu. Linaeleweka zaidi mtu akiwa amesimama mbele ya nyumba ya kawaida kwenye mtaa wa kawaida, yenye majirani wanaoanika nguo. Mtoto anaona kwamba mambo makubwa yalipangwa katika mtaa unaofanana na wake.

Kutoka Magomeni, mwendokasi wa kwenda Morocco unafupisha njia, kisha daladala hadi Kijiji cha Makumbusho, kando ya Barabara ya Bagamoyo. Kijiji hiki kilianzishwa mwaka 1966, na ndani yake zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali, kila moja na vyombo vyake. Kiingilio cha Watanzania ni nafuu kuliko cha wageni, na wapo waongozaji wa makumbusho wanaoeleza nyumba moja baada ya nyingine.

Hapa mtoto asipewe majina tu, apewe sababu. Msonge wa Wahaya ni wa duara na nyasi zake zinashuka hadi karibu na ardhi, kwa sababu Bukoba mvua ni nyingi na maji lazima yateleze. Tembe ya Wagogo ina paa la bapa lililofunikwa kwa udongo, kwa sababu Dodoma mvua ni haba na miti mirefu si mingi. Nyumba ya Mzaramo ya miti, udongo na makuti inahusu ardhi hiihii mnayoikanyaga, maana Dar es Salaam imeota katika nchi ya Wazaramo. Baada ya hapo hata nyumba ya Kiswahili anayoishi, yenye korido katikati, vyumba huku na huku, baraza mbele na uani nyuma, ataiona kwa jicho jingine.

Hapa pia ndipo mzazi hubanwa. Mtoto atauliza, "Yetu ni ipi?" Wazazi wengi waliozaliwa mjini hawana jibu la kutosha. Wanalijua jina la kabila na jina la kijiji, pengine na salamu mbili. Hawajui jikoni palikuwa wapi, watoto walilala na nani, wala mlango ulitazama upande gani na kwa nini. Kibao cha makumbusho kitaeleza nyumba ya kabila. Nyumba ya babu mwenyewe hakiijui. Anayeijua ni bibi aliyebaki nyumbani kwa sababu ilionekana safari ni ya watoto.

Makumbusho wenyewe waliliona jambo hili mapema. Tangu mwaka 1994 wamekuwa na siku za utamaduni, ambapo watu wa jamii fulani huja kuonesha ngoma, kazi za mikono na vyakula vyao wenyewe. Ni jambo la kuulizia mlangoni kabla ya kuondoka.

Chakula cha mchana kiwe kwa mama ntilie: wali maharage, au ugali na dagaa. Jina hilo nalo limetokana na wateja wenyewe, "Mama, nitilie."

Jioni: mpingo, rangi na mihogo

Mwenge si mbali. Kwenye vibanda vya vinyago mafundi hufanya kazi huku watu wakitazama, na wengi wao wanafuata mkono wa Wamakonde. Mwambie mtoto ashike kipande cha mpingo aone uzito wake. Mti huo huota Kusini, Lindi na Ruvuma, na unatafutwa sana Ulaya kwa kutengenezea klarineti na obo. Mtalii anayepelekwa Vienna, Austria, kusikiliza muziki wa okestra, huenda anasikiliza mti uliokatwa jirani na Kilwa.

Oysterbay, karibu na Morogoro Stores, ndiko Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alikoanza kuuza picha zake mwaka 1968. Hakwenda shule ya sanaa. Alichora wanyama kwenye vipande vya mbao laini za dari kwa rangi ya kung'aa ya kawaida, iliyopatikana madukani. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Alichora kwa miaka minne hivi tu, lakini jina lake sasa ni jina la aina nzima ya uchoraji, na wachoraji bado wapo palepale wakiendelea.

Siku iishie Coco Beach, kwenye mihogo ya kukaanga au kuchomwa, kachumbari, pilipili na juisi ya ukwaju. Muhogo nao ni mgeni aliyekuja kutoka Amerika Kusini na Wareno. Leo hakuna mtu wa Dar anayeukumbuka ugeni wake.

Nani aongoze

Kwa familia yenye watoto wadogo, vituo hivi ni vingi mno kwa siku moja. Viwili Temeke Jumamosi hii, vitatu Kinondoni ijayo, vinatosha. Maji ya kunywa yabebwe kutoka nyumbani, na saa za kufungua makumbusho ziulizwe kabla ya kutoka.

Kisichofaa kupunguzwa ni mzee. Aliyekuwa na miaka 10 usiku ule wa bendera mwaka 1961 leo ana zaidi ya 70. Huyo ndiye anayejua Magomeni ilikuwaje kabla ya lami, soko lilikuwa wapi, watu walikula nini siku ya uhuru, na kwa nini babu alitoka kijijini akaja kupanga chumba Temeke. Uswisi watakuwa na mtu wa kueleza mwaka ujao na mwaka unaofuata, kwa sababu kazi hiyo ina mshahara na mrithi. Kwetu kazi hiyo haina mshahara, na mara nyingi mrithi wake ni mjukuu ambaye hajaulizwa kama anataka kusikia.

Mzee akiweza kutembea, apewe kiti cha dirishani kwenye daladala na asiharakishwe. Magoti yakimkatalia, watoto waende, kisha jioni wakae naye barazani wakiwa na picha walizopiga, na kila picha aulizwe: hapa wewe unapakumbukaje? Simu inayotumika kusoma ukurasa huu ina kinasa sauti ndani yake. Iwekwe mezani, mbali kidogo na vikombe, na iwashwe kabla hajaanza kusimulia.