Andalio la Mwimbaji

Katika miaka yangu yote ya kufundisha walimu, hakuna karatasi iliyolalamikiwa na wanachuo kuliko andalio la somo. Waliliona kuwa adhabu. Mwanachuo hukesha akichora jedwali, akaandika utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha, tafakari na hitimisho, akagawa dakika 40 za kipindi kana kwamba anagawa urithi. Kisha asubuhi huingia darasani, mtoto mmoja wa dawati la nyuma huuliza swali moja tu, na jedwali lote likavurugika. Hapo ndipo walipokuja ofisini na hoja waliyoiona haina jibu: "Mkuu, kama somo haliendi lilivyoandikwa, kuna faida gani kuliandika?"

Jibu langu lilikuwa fupi. Anayeweza kuliacha andalio bila kupotea ni yule aliyeliandaa. Asiyeandaa hana cha kuacha, na akipotea hana pa kurudi. Nilipostaafu nilidhani jibu hilo nalo limestaafu pamoja nami. Mwaka huu limerudi nyumbani kwangu kwa mlango ambao sikuutazamia, yaani mlango wa muziki.

Mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa pili, anajiandaa kutoa albamu ya nyimbo tisa za jazi, sita kati yake zikiwa za Kiswahili alizotunga mwenyewe. Kazi ya studio imekwisha. Albamu itatoka mwezi ujao, na wiki mbili baadaye ataiimba yote mbele ya watu katika ukumbi mdogo jijini Dar es Salaam, akiwa na mpiga piano, mpiga besi na mpiga ngoma. Kwa kuwa nyumba yangu hapa Morogoro ina baraza pana na majirani wavumilivu, alikuja kukaa kwangu wiki tatu kwa ajili ya mazoezi ya sauti. Nami, maana mwalimu hastaafu masikio, nimekaa pembeni nikisikiliza na kuwaza.

Yafaa kwanza nilieleze neno lenyewe. Kwa watu wa rika langu, "jazi" ni muziki wa dansi. Tulikua na Dar es Salaam Jazz, Western Jazz na Tabora Jazz, na hapa kwetu Morogoro Jazz iliyomkuza Mbaraka Mwinshehe kabla hajaanzisha Super Volcano mwaka 1973. Bendi hizo zilichukua jina lililotoka Marekani, lakini mwendo wake ulikuwa zaidi wa rumba, ulioletwa na santuri za Cuba na za Kongo. Jazi ya Marekani yenyewe niliijua kwa njia ya redio. Nikiwa mwanachuo mwanzoni mwa miaka ya 1970, mkufunzi wetu mmoja alikuwa na redio ya masafa mafupi, na usiku alituruhusu tusikilize kipindi cha jazi cha Sauti ya Amerika, ambacho Willis Conover alikiendesha tangu mwaka 1955. Bwana yule alisema Kiingereza cha taratibu mno, kila neno likisimama peke yake, hata sisi tuliokuwa tukihangaika na lugha hiyo tuliweza kumfuata. Huko ndiko nilikomsikia kwa mara ya kwanza Ella Fitzgerald, nikastaajabu kwamba sauti ya mtu yaweza kupewa nafasi ile ile inayopewa tarumbeta: kuusema wimbo kama ulivyo, kisha kutoka, kuzunguka, na kurudi nyumbani kwa wakati.

Watu wengi hudhani kwamba kwa kuwa mwimbaji wa jazi hubuni papo hapo, basi hana haja ya kujiandaa sana. Ningependa waje barazani kwangu saa kumi na mbili asubuhi. Binti huanza na pumzi. Hulala chali juu ya mkeka na kuweka kitabu tumboni, akakipandisha na kukishusha kwa kiwambo bila kuinua mabega. Kitabu alichokichagua ni kile changu kinene cha saikolojia ya elimu, ambacho baada ya miaka 30 kimepata matumizi ya kila siku. Baada ya pumzi husoma maneno ya wimbo bila sauti ya kuimba, kama mtu anayezungumza na mwenzake, ili ajue pumzi itachukuliwa wapi. Maana pumzi ikikatwa katikati ya jina na kivumishi chake, msikilizaji hupata vipande viwili visivyo na maana badala ya wazo moja.

Ndipo linapokuja jambo ambalo mimi, mwalimu wa Kiswahili, nalifurahia kuliko yote. Uzuri wa jazi uko katika kusogeza: mwimbaji hulichelewesha neno kidogo, au huliwahisha, ili lisianguke pale pigo la ngoma linapolingoja. Lakini Kiswahili kina mkazo wake. Aghalabu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mahali pengine mkazo ndio hutenga maana. Katika wimbo wake mmoja kuna neno "barabara", kwa maana ya njia. Katika albamu ameliimba sawasawa, ba-ra-BA-ra. Siku moja barazani, akijaribu namna mpya ya kuliwahisha, mkazo uliangukia silabi ya nyuma yake, ba-RA-ba-ra, na msafiri wa wimbo ule akajikuta anatembea juu ya neno linalomaanisha "kwa usahihi". Nikakohoa. Akacheka sana, akasema, "Babu, hapa siwezi kuibia." Akalirudia neno lile zaidi ya mara 20, mpaka akapata njia ya kulisogeza bila kulivunja. Msomaji ataona mwenyewe kwamba uhuru ule wa kulisogeza neno ulizaliwa na kujua mahali neno lilipokuwa likikaa.

Yako na mengine. Kila wimbo unahitaji ufunguo unaoifaa sauti yake, si ule uliomfaa mwimbaji mwingine. Kila mpiga ala anahitaji karatasi yake, iliyoandikwa wazi ni wapi wimbo unarudiwa, ni nani anapiga peke yake na kwa muda gani, na unaishaje. Mwendo huamuliwa na mwimbaji, anayehesabu moja hadi nne kwa vidole. Akihesabu haraka kwa sababu ya hofu, wimbo wa majonzi utageuka mchakamchaka. Na mpangilio wa albamu si mpangilio wa ukumbini. Nyumbani msikilizaji aweza kuanza na wimbo wa polepole akiwa ameketi kwa utulivu. Ukumbini watu wanaingia na jasho la foleni na maneno ya njiani, hivyo wimbo wa kwanza sharti uwakusanye. Nilipoiona karatasi yake ya mpangilio, nikauona utangulizi, kuimarisha na hitimisho, ingawa hakuna aliyemfundisha majina hayo.

Nilimsimulia habari ya Ella Fitzgerald mjini Berlin. Tarehe 13 Februari 1960, katika ukumbi wa Deutschlandhalle, mbele ya maelfu ya watu, aliimba wimbo "Mack the Knife" akiwa na bendi ya watu wanne iliyoongozwa na mpiga piano Paul Smith. Katikati ya wimbo maneno yalimtoka. Hakusimama. Alitunga mengine pale pale, akayatia ndani ya wimbo huko kusahau kwenyewe, akaiga sauti ya mkwaruzo ya Louis Armstrong, na hakuachana na bendi hata pigo moja. Onyesho lile lilirekodiwa, likatolewa kama albamu, na likampatia tuzo za Grammy. Watu husimulia kisa hiki kusifu kipaji, nami sikikatai kipaji. Lakini yafaa tukumbuke kwamba alishinda shindano la waimbaji wachanga katika ukumbi wa Apollo, New York, mwaka 1934, akiwa na miaka 17. Alipofika Berlin alikuwa na miaka 25 ya kuimba nyuma yake. Maneno yalimkimbia, sauti, mapigo na umbo la wimbo havikumkimbia, kwa kuwa alikwisha kuviweka ndani kabisa. Aliyemwokoa jukwaani alikuwa yule Ella wa miaka yote ya mazoezi.

Hata hivyo, kuna hofu ambayo mazoezi ya pumzi hayaiondoi. Mtu mmoja wa biashara ya muziki, ambaye sina haja ya kumtaja, alimshauri binti aifungie albamu hii kabatini, atafute jina kwanza kwa muziki unaouzika, kisha ndipo arudi kwenye jazi. Mwanangu, yaani baba yake, aliafiki. Simlaumu. Ndiye aliyemsomesha, na anaona binti ameacha ajira ya mshahara wa kila mwezi ili kulipa studio na wapigaji. Katika nyumba yetu jambo hili limeleta ukimya mezani, na ukimya wa mezani ni mzito kuliko ugomvi. Usiku mmoja, baada ya chakula, binti aliniuliza: "Babu, na wakija watu kumi na watano?"

Sikumjibu usiku ule. Kesho yake nilimweleza habari za mwalimu mwenzetu.

Sathima Bea Benjamin alikulia Cape Town, Afrika Kusini, akasomea ualimu, na huku akiimba jazi. Mwaka 1959 alirekodi albamu pamoja na kikundi cha mpiga piano Dollar Brand, ambaye baadaye aliitwa Abdullah Ibrahim. Albamu hiyo haikutolewa. Mwaka 1962 wawili hao waliihama nchi yao iliyokuwa chini ya ubaguzi wa rangi, wakaenda Zurich, Uswisi. Huko, mwaka 1963, ndiye Sathima aliyemwendea Duke Ellington na kumwomba aje kumsikiliza Brand akipiga. Ellington alikuja, akawapeleka wote Paris kurekodi, na Sathima naye akarekodi nyimbo zake, mara Ellington akikalia piano, mara Billy Strayhorn, mara Brand. Albamu ya wanaume watatu wa kikundi cha Brand ilitoka. Ya kwake haikutoka. Ilibaki gizani, hata ikadhaniwa imepotea, mpaka ikajulikana kwamba fundi mitambo wa sauti alikuwa ametunza nakala. Ilitolewa katika miaka ya 1990, zaidi ya miaka 30 baadaye, kwa jina la "A Morning in Paris".

Sikumsimulia binti habari hii ili kumwambia kwamba mvumilivu hula mbivu. Miaka 30 ni mingi mno kumwomba mtu asubiri, na kuchelewa kule hakukuwa haki. Nilitaka aone mambo mawili. La kwanza, kanda ile ilipofunguliwa, kilichosikika ni kile tu alichokuwa amekiandaa mwaka 1963. Fundi aliweza kuitunza pumzi yake. Hakuweza kumwongezea pumzi ambayo hakuivuta. La pili, Sathima hakukaa akingoja. Mwaka 1979, akiishi New York, alianzisha lebo yake mwenyewe, Ekapa, akaanza kutoa albamu zake pasipo kungoja idhini ya mtu. Alifariki Cape Town mwaka 2013, akiwa ameacha rafu nzima ya kazi.

Hata hapa kwetu mambo si tofauti. Nyimbo nyingi za dansi tunazozienzi zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya kurushwa hewani, na nyingi hazikupata kuwa santuri ya kuuzwa. Bendi ilipiga wote kwa pamoja. Mmoja akiteleza, wimbo huanza upya. Waliingia studio wakiwa wameufanyia mazoezi kila wimbo klabuni mpaka umekuwa sehemu ya mwili. Waimbaji wengi wa wakati ule wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na fedha walizopata zilikuwa chache. Lakini tukiwasha redio alfajiri, kile tunachokisikia ni mazoezi yao.

Basi nikamjibu mjukuu wangu. Nimefundisha darasa la wanachuo 80 na nimefundisha darasa la wanane, mwaka ambao chuo kilipokea wachache. Andalio la wanane halikuwa fupi zaidi. Katika hao wanane, swali la mmoja lilinifanya nilisome upya somo nililolifundisha kwa miaka kumi. Watu 15 waliokuja kusikiliza ni darasa kamili. Siwezi kumwahidi ukumbi uliojaa, wala siwezi kumwahidi kwamba ajira aliyoiacha itamngoja. Naweza kumwambia kile ambacho miaka yangu ya kazi imenithibitishia: kusikilizwa ni majaliwa, kuandaa ni kwetu. Anayeahirisha kazi iliyokwisha iva ili kwanza atafute jina, huwa anakabidhi kilicho mikononi mwake kwa kile kisichokuwa mikononi mwake.

Mwanangu hajakubali, lakini amesema atakuja ukumbini, na amemuuliza binti kama gari lake litatosha kubeba besi. Hapo nami nikanyamaza. Mwalimu mzuri hujua wakati wa kuacha kufundisha. Wiki hii binti anaushughulikia wimbo wa sita, ule ambao baada ya ubeti wa pili ataimba bila maneno, na kila asubuhi unakwenda njia nyingine. Tiketi yangu nimekwisha kuinunua, kwa bei kamili. Kazi iliyoandaliwa namna ile haifai kuingiliwa bure, hata na babu.