Mchezo Usiosubiri

Jioni za Juni, baridi ya Ufipa ikiuma, tulijifungia ndani hapa Sumbawanga tukicheza Dark Souls, gemu ya panga na mazimwi iliyotoka Japani mwaka 2011. Ni ngumu kupindukia. Ukifa, roho ulizokusanya hubaki ulipoangukia. Ukifa tena kabla hujazifikia, zimepotea moja kwa moja. Tena haina kitufe cha kuisimamisha.

Adhana ya Magharibi ilitukuta tukipambana na zimwi, na roho zetu za siku tatu ziko nyuma yake. Tukatazamana. Mwenye pedi akaiweka chini, tukaenda kutia udhu.

Tuliporudi, zote zilikuwa zimekwenda. Kesho yake tulianza upya. Magharibi tuliyoiswali jamaa haikuhitaji kurudiwa.