Kipande Kimoja cha Filamu

Babu yangu mzaa mama alikuwa mpiga picha mtaani Buyenzi, mjini Bujumbura. Aliniachia kamera yake ya mikunjo, nami sikujua kuwa ameniachia na kazi ya kutafuta. Kamera hiyo haitumii filamu ya mkanda. Hutaka kipande kimoja kimoja, cha sentimita 9 kwa 12. Madukani sikukipata. Mwishowe shemeji yangu aliyekuwa masomoni Ulaya aliniletea pakiti ya Fomapan, itengenezwayo na kiwanda cha Foma huko Hradec Králové, nchini Ucheki.

Mama, ambaye ametimiza miaka 70, alitamani picha moja tu kwa kamera ya baba yake. Alivaa kitenge chake cha sikukuu, akaketi kwa utulivu. Usiku nikajifungia chumbani, nikawasha taa nyekundu kama nilivyomwona babu akifanya nilipokuwa mtoto. Kipande kikatoka cheusi tititi! Kumbe nilichokiona utotoni kilikuwa kazi ya karatasi. Karatasi ile haidhuriki kwa mwanga mwekundu, bali filamu hii huathiriwa na mwanga wa rangi zote.

Asubuhi mama akaniuliza, "Mwanangu, nimetokaje?" Nikainamisha kichwa. Akacheka, akasema, "Babu yako naye aliharibu nyingi. Mimi ndiye niliyekuwa nikizitupa."

Jumapili akaketi tena. Safari hii nilifanya kazi katika giza totoro. Vidole ndivyo vilivyokuwa macho yangu: pembe juu ya filamu ina alama iliyokatwa, ikiwa juu mkono wa kulia, uso wenye dawa umekuelekea. Nilipanga bakuli tatu: dawa ya kusafishia, maji, na dawa ya kukazia. Kwa kuwa maji yetu ni ya vuguvugu, niliizungushia barafu bakuli ya kwanza hadi dawa ikafika digrii 20. Kisha nikasuuza na kuanika.

Picha ikatoka, ingawa ukucha wangu uliacha mkwaruzo karibu na bega. Mama amekataa nisiufute.

Ndugu msomaji, ukirithi chombo cha mzee, rithi na maarifa yake. Muulize angali hai, kwani chombo hakisemi.