Alama 28 za mwalimu

Nilimpa mzee yule alama 28 kati ya 30, nikaandika kwenye karatasi: ana akili timamu. Mkewe, aliyekaa kwenye benchi ukutani, akasema, "Daktari, lakini huyu siye niliyezeeka naye." Nikamjibu kwamba uzee una mambo yake, mama. Sikumuuliza hata swali moja.

Kipimo nilichotumia kilitungwa Marekani na Folstein na wenzake mwaka 1975. Unauliza tarehe, mgonjwa anakumbuka maneno matatu, anatoa saba-saba kuanzia mia, anaandika sentensi, ananakili mchoro. Mzee wangu alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu! Hizo saba alizitoa huku akinitazama kwa huruma.

Na si kwamba sikuujua udhaifu wa kipimo hiki; niliujua upande mmoja tu. Bibi ambaye hakwenda shule akipata 17, sikukimbilia kumwita mgonjwa. Nilijua kwamba wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walitengeneza kipimo kifupi kisichodai kusoma wala kuandika: unapanga njiti za kiberiti, unataja wanyama kwa dakika moja, unaeleza daraja ni nini. Kwamba shule inaweza pia kumfunika msomi aliyekwisha kuanza kupotea, hilo halikunipitia kichwani.

Dimensia, yaani huko kupotea kwa akili, hujulikana kwa kumlinganisha mtu na alivyokuwa yeye mwenyewe, na aliyejua alivyokuwa ndiye niliyemnyamazisha. Alinieleza baadaye, bila kunilaumu (afadhali angenilaumu): mume aliyeandika kila shilingi daftarini sasa alimlipa kibarua yuleyule mara mbili, alicheka msibani, aligawa vitu kwa watu asiowajua. Mambo ya namna hiyo, busara ya kupanga na kujizuia, kipimo changu hakiyagusi. Yanapatikana kwa kumhoji ndugu anayeishi na mgonjwa, na maswali ya kumhoji yapo, yaliandaliwa miaka mingi iliyopita. Yangenichukua robo saa. Foleni ilikuwa ndefu siku ile, lakini foleni ni ndefu kila siku.

Kabla mwaka haujaisha mzee aliuza shamba la migomba kwa bei ya kutupa. Wanawe walipopeleka shauri baraza la kata, mnunuzi alitoa nakala ya karatasi yangu, yenye sahihi yangu na ile 28. Alipewa na mzee mwenyewe, aliyekuwa akitembea nayo mfukoni kuwaonyesha watu.